Wasomaji Wanauliza: Ubangi-Shari Ilikuwa Nchi Gani?

Barua zilizotufikia safari hii zinahusu jina moja la zamani kutoka katikati ya bara letu. Tumeona ni vyema ukurasa wote uwe wa jina hilo, kwa kuwa historia yake haifundishwi sana upande wetu wa Afrika Mashariki, na inastahili kujulikana.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Marehemu babu alituachia albamu ya stempu. Moja ina picha ya chui na jina Moyen-Congo, lakini juu ya mchoro pamepigwa chapa nyingine isemayo Oubangui-Chari-Tchad. Nyingine yenye mchoro huohuo ina maneno Oubangui-Chari pamoja na Afrique Équatoriale Française. Nimeitafuta nchi hiyo kwenye ramani nisiione. Ni nchi gani, na inakuwaje stempu moja iwe na majina mawili au matatu ya nchi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Nchi unayoitafuta ipo, ila imebadili jina. Ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, yenye mji mkuu wa Bangui, inayopakana na Chad upande wa kaskazini, Sudan na Sudan Kusini upande wa mashariki, Kongo zote mbili upande wa kusini, na Kameruni upande wa magharibi. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 623,000, yaani kama theluthi mbili za Tanzania. Tangu tarehe 29 Desemba 1903 hadi tarehe 1 Desemba 1958 nchi hiyo iliitwa Ubangi-Shari, jina ambalo Wafaransa waliliandika Oubangui-Chari.

Jina hilo limetokana na mito miwili. Ubangi huanzia pale Mbomu na Uele inapokutana, hupita Bangui, kisha hujiunga na Mto Kongo na hatimaye maji yake huishia katika Bahari ya Atlantiki. Shari nao huelekea upande mwingine kabisa, kaskazini hadi Ziwa Chad, ambalo halina njia ya kutokea baharini. Kwa maneno mengine, jina lilitaja mabonde mawili ambayo maji yake hayakutani, na nchi yenyewe ilikuwa ule mwinuko unaoyatenganisha. Ndani yake hamkutajwa kabila, ufalme wala mji wowote, ingawa zilikuwapo tawala zilizojulikana mbali, kama za Wazande na Wanzakara huko Zemio, Rafai na Bangassou, na usultani wa Dar al-Kuti uliokuwa na makao yake Ndélé. Jambo hili si geni kwetu, kwani Waingereza nao mwaka 1920 walilichukua jina la ziwa, wakaliita Tanganyika eneo zima walilolipokea kutoka kwa Wajerumani.

Wafaransa waliijali mito hiyo miwili kwa sababu walitaka njia ya kufika Chad. Kituo cha Bangui walikianzisha mwaka 1889 mahali ambapo Ubangi una maporomoko yanayozuia meli kuendelea juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 1897 Émile Gentil alifika Ziwa Chad kwa meli ndogo iliyoitwa Léon Blot, na kati ya mto mmoja na mwingine meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikabebwa na watu vichwani na mabegani, kisha ikaunganishwa upya upande wa pili. Tukio hilo linaeleza vizuri jinsi wakoloni walivyoiangalia nchi hii tangu mwanzo: kwao ilikuwa mahali pa kupitia, na wenyeji wake walikuwa wapagazi.

Ama kuhusu stempu zako, kila chapa inaonyesha badiliko moja la utawala. Mchoro wa chui ulitengenezwa mwaka 1907 kwa ajili ya Moyen-Congo, koloni jirani ambalo leo ni Kongo-Brazzaville. Mwaka 1906 Ubangi-Shari na Chad ziliunganishwa kiutawala, na mwaka 1910 makoloni yote ya eneo hilo yakawekwa chini ya shirikisho moja lililoitwa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, lenye makao makuu Brazzaville. Badala ya kuchora stempu mpya, mwaka 1915 walichukua zile za Moyen-Congo na kuzipiga chapa ya Oubangui-Chari-Tchad. Chad ilitengwa kuwa koloni peke yake mwaka 1920, hivyo kuanzia 1922 chapa ikabaki Oubangui-Chari tu, na mwaka 1924 likaongezwa jina la shirikisho. Kufikia 1936 makoloni yote manne yalikuwa yakitolewa stempu za pamoja. Basi stempu yako ya kwanza haiwezi kuwa ya kabla ya 1915, na ya pili haiwezi kuwa ya kabla ya 1924. Kama mojawapo bado imeganda kwenye kipande cha bahasha, tafadhali usiibandue, kwa sababu muhuri wa posta waweza kukuambia ilitumwa kutoka mji gani na mwaka gani.

Swali: Katika darasa letu tulifundishwa kwamba ukatili wa mpira ulifanyika katika Kongo ya Mfalme Leopold. Je, ng'ambo ya pili ya mto, huko Ubangi-Shari kwa Wafaransa, hali ilikuwa nafuu? (Mwanafunzi, Bujumbura)

Jibu: Hapana, haikuwa nafuu, na tunakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu watu wa Ubangi-Shari wamesahauliwa mno katika masimulizi ya zama hizo.

Mwaka 1899 serikali ya Ufaransa iliigawa Kongo yake kwa kampuni zipatazo 40 kwa mikataba ya miaka 30, na kila kampuni ikapewa haki ya kuchukua mazao ya ardhi, hasa mpira na pembe za ndovu. Kubwa kuliko zote, Kampuni ya Masultani ya Ubangi ya Juu, ilipewa kilomita za mraba 140,000, eneo ambalo ni zaidi ya mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Mwanakijiji aliyekuwa akigema mpira katika msitu wa wazee wake alijikuta anaambiwa kwamba mpira ule si wake tena, na kwamba malipo anayopewa ni ujira wa kuukusanya tu. Juu ya hayo ikaja kodi ya kichwa, ambayo kwa vile fedha hazikuwapo vijijini, ililipwa kwa mpira huohuo.

Sambamba na mpira kulikuwa na upagazi. Majeshi ya Ufaransa huko Chad yalitegemea vyakula, risasi na vifaa vilivyopita kwa miguu kutoka Ubangi hadi mto Gribingui, kupitia vituo vya Fort Sibut na Fort Crampel, huku kila mpagazi akibeba mzigo wa kilo 25 hadi 30. Watu wa njia hiyo, hasa Wamanja, walikimbilia porini wakaacha mashamba yao. Watawala walijibu kwa kuwakamata wanawake na watoto na kuwafungia mpaka wanaume wajitokeze kubeba mizigo au kuleta mpira. Mwaka 1904 kundi la wanawake na watoto waliochukuliwa mateka kwa ajili ya kodi lilifungiwa katika nyumba moja huko Bangui. Wanawake 45 na watoto 2 walikufa humo. Naomba msomaji asiipite haraka idadi hiyo. Hawakufa vitani, wala hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Walifungiwa ili waume zao waende msituni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 14 Julai 1903, siku ambayo Wafaransa husherehekea sikukuu yao ya taifa, maofisa wawili wa kituo cha Fort Crampel, Gaud na Toqué, walihusika katika kumuua Mwafrika mmoja kwa kumlipua kwa baruti. Habari hiyo ilipofika Paris ilizua kelele kubwa kiasi kwamba serikali ilimtuma Pierre Savorgnan de Brazza, yeye aliyeiingiza Ufaransa katika eneo la Kongo, aende kuchunguza. Brazza alifika mwaka 1905 akiwa mgonjwa, akayaona na kuyasikia mambo ya vituo vile, zikiwamo habari za mateka wa Bangui, na akafariki Dakar tarehe 14 Septemba mwaka huohuo akiwa njiani kurudi. Gaud na Toqué walihukumiwa Brazzaville kifungo cha miaka mitano kila mmoja. Taarifa ya tume ya Brazza ilifungiwa makabatini, na haikuchapishwa hadi mwaka 2014. Kwa zaidi ya karne moja, wajukuu wa waliofungiwa mle nyumbani hawakuweza kusoma kilichoandikwa kuhusu bibi zao.

Wala mateso hayakukoma baada ya hapo. Kati ya 1921 na 1934 wanaume wa Ubangi-Shari na Chad walipelekwa kwa nguvu kujenga reli ya kutoka Brazzaville hadi Pointe-Noire, na maelfu hawakurudi makwao. Uchungu huo ndio uliowasha vita vya Kongo-Wara, yaani vita vya mpini wa jembe, vilivyoanza 1928 katika nchi ya Wagbaya magharibi na kuendelea hadi 1931. Aliyewaunganisha watu, Karnou, alikuwa mhubiri na mganga, na mpini mdogo wa jembe aliowagawia wafuasi wake ndio uliovipa vita hivyo jina. Aliuawa Desemba 1928, lakini watu wake waliendelea kupigana wakijificha mapangoni. Anayefundisha Maji Maji darasani atafanya jambo jema akivitaja vita hivi katika kipindi hichohicho.

Swali: Kwa nini nchi moja ijiite Jamhuri ya Afrika ya Kati, ilhali Kongo, Chad, Gabon na Kameruni nazo ziko Afrika ya kati? Waliliacha jina la Ubangi-Shari kwa sababu gani? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Jina hilo linaonekana kubwa kuliko nchi kwa sababu lilitungwa kwa ajili ya nchi nne.

Mwenye fikra hiyo alikuwa Barthélemy Boganda, aliyezaliwa mwaka 1910 katika kijiji cha Bobangui, kwenye msitu wa kusini. Mama yake alipigwa hadi kufa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mtoto akalelewa na wamisionari, na mwaka 1938 akawa mwenyeji wa kwanza wa Ubangi-Shari kupewa upadri katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1946 alichaguliwa kuingia Bunge la Ufaransa, mwaka 1949 akaunda chama cha MESAN, na kufikia 1957 alikuwa rais wa Baraza Kuu la shirikisho zima la Afrika ya Ikweta. Kaulimbiu yake kwa Kisango, *zo kwe zo*, yaani kila mtu ni mtu, ilieleweka mara moja vijijini, kwa maana ilisemwa mbele ya watu waliokuwa bado wanalazimishwa kulima pamba na ambao ndugu zao walifia kwenye reli.

Boganda aliona kwamba Ubangi-Shari peke yake, nchi isiyo na bandari wala reli na yenye watu wachache, isingeweza kusimama kwa miguu yake. Katika kura ya maoni ya tarehe 28 Septemba 1958 makoloni manne ya shirikisho yalikubali kujitawala ndani ya Jumuiya ya Ufaransa. Boganda akapendekeza kwamba manne hayo, yaani Ubangi-Shari, Chad, Gabon na Kongo, yasitengane, bali yawe taifa moja liitwalo Jamhuri ya Afrika ya Kati, lenye mji mkuu wake Brazzaville. Alitazama hata mbali zaidi: alitarajia kwamba siku moja Kameruni, Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi na Angola zingejiunga katika muungano mpana. Wasomaji wetu wa Rwanda na Burundi waone kwamba nchi zao zilikuwamo katika hesabu za mzee huyo kabla hazijapata uhuru.

Wenzake hawakukubali. Viongozi wa Gabon, nchi yenye mbao na madini, hawakutaka kugawana mapato yao na majirani maskini. Wa Chad na wa Kongo nao walikuwa na hesabu zao wenyewe. Tarehe 28 Novemba 1958 zote tatu zilijitangaza kuwa jamhuri, kila moja kivyake. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Boganda akatangaza Jamhuri ya Afrika ya Kati katika mipaka ya Ubangi-Shari tu. Jina lililokusudiwa kwa nchi nne likabaki na moja. Bendera aliyoibuni nayo bado inabeba nia ileile: mistari minne ya buluu, nyeupe, kijani na njano, ikikatwa na mstari mwekundu wa wima, na nyota ya njano kwenye kona ya juu.

Tarehe 29 Machi 1959 ndege aliyokuwa akisafiria kutoka Berbérati kwenda Bangui ilianguka, akafa yeye na wote waliokuwamo. Uhuru wenyewe, tarehe 13 Agosti 1960, ulipokelewa na David Dacko, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, kifo hicho ni miongoni mwa hasara kubwa kabisa zilizolipata bara hili katika miaka ile, kwa sababu hakuna mwingine kati ya viongozi wa eneo lile aliyekuwa na heshima ya kutosha katika koloni zote nne kuweza kulifufua wazo la muungano. Sisi ambao tumeona Tanganyika na Zanzibar zikiungana mwaka 1964, na ambao bado tunajadili shirikisho la Afrika Mashariki, tuna sababu ya kumsoma Boganda kwa makini.

Swali: Hapa kwetu Kongo kuna mikoa ya Ubangi ya Kaskazini na Ubangi ya Kusini. Je, iliwahi kuwa sehemu ya Ubangi-Shari? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu: Haikuwahi. Mto ni mmoja, lakini kwa makubaliano kati ya Ufaransa na Dola Huru ya Kongo ya Leopold, ya mwaka 1887 na ya 1894, Ubangi na Mbomu vilifanywa mpaka. Ng'ambo ya kulia ikawa ya Wafaransa na ya kushoto ikawa ya Leopold, kisha ya Ubelgiji. Mikoa unayoitaja, yenye miji ya Gbadolite na Gemena, iko ng'ambo ya kushoto, na ilipewa hadhi ya mikoa mwaka 2015. Mtu akisimama Zongo, upande wa Kongo, anaiona Bangui mbele yake kwa macho. Makabila kama Wangbandi na Wayakoma wako pande zote mbili, na lugha ya Kisango, inayozungumzwa leo karibu na kila mtu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ina asili yake katika Kingbandi. Kwa hiyo mpaka uliwagawa watu waliokuwa wakivuka mto kwa mitumbwi kuuziana samaki na mihogo, na bado wanauvuka.

Wapo pia waliotuuliza kama Wajerumani waliwahi kuitawala Ubangi-Shari. Waliitawala sehemu yake ya magharibi kwa muda mfupi tu: baada ya mgogoro kati ya Ufaransa na Ujerumani kuhusu Morocco, mkataba wa Novemba 1911 uliwapa Wajerumani wa Kameruni vipande vya makoloni ya Kifaransa, kimoja kikifika hadi ukingo wa Mto Ubangi. Vita Kuu ya Kwanza ilivirudisha kwa Ufaransa.

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia. Ninapoandaa maelezo ya wanafunzi, niandike jina lipi, na kwa kipindi kipi? Kijana wetu mmoja alihudumu huko na jeshi la kulinda amani, naye anasema wenyeji hawalitaji kabisa jina la Ubangi-Shari. (Mwalimu, Kigoma)

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Kijana wenu amesema kweli. Askari wa Tanzania waliohudumu chini ya kikosi cha Umoja wa Mataifa cha MINUSCA, ambao kituo chao kimekuwa Berbérati, wamekutana na watu wanaoiita nchi yao Bêafrîka kwa Kisango, au Centrafrique kwa Kifaransa. Jina la Ubangi-Shari limebaki kwenye hati, ramani na stempu. Miji nayo imebadili majina, kwa mfano Fort Crampel sasa ni Kaga-Bandoro, na Fort Archambault, ulio upande wa Chad, sasa ni Sarh.

Kwa maelezo ya darasani, andika Ubangi-Shari kwa matukio ya kati ya 29 Desemba 1903 na 1 Desemba 1958, na kwenye mabano ongeza kwamba leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa miaka ya 1906 hadi 1920, ukikuta hati zinazosema Ubangi-Shari-Chad, ujue zinazungumzia nchi mbili zilizokuwa chini ya utawala mmoja. Kabla ya 1903 andika Ubangi ya Juu, ambalo ndilo jina lililotumika kuanzia 1894. Baada ya 1 Desemba 1958 andika Jamhuri ya Afrika ya Kati, isipokuwa kipindi cha kuanzia tarehe 4 Desemba 1976 hadi Septemba 1979, ambapo Jean-Bédel Bokassa alijifanya mfalme mkuu na nchi ikaitwa Himaya ya Afrika ya Kati. Na pale unapomwandika Boganda kwamba alizaliwa mwaka 1910, andika kwamba alizaliwa Bobangui, Ubangi-Shari, kwa kuwa nchi aliyozaliwa ilikuwa na jina hilo, na ile aliyoipa jina jipya ilikuja miaka 48 baadaye.